Nafasi ya Agnes

Watu wetu wa Dubai wana sheria moja isiyoandikwa popote: mtu akienda nyumbani, kazi yake hushikiwa. Rafiki huvaa aproni yake, hufagia anapofagia yeye, huitika kwa niaba yake, na mwenyewe akirudi, mshikaji hunyanyuka bila kuambiwa. Hakuna mkataba wala shahidi. Mabosi wengi hawajui hata kama jambo hilo lina sheria. Wao huona Mwafrika mmoja katoka, mwingine kaingia, na vyombo vinaoshwa kama jana.

Ndivyo Paskazia alivyojikuta, Machi ya mwaka 2009, katika jiko la Madam Amparo huko Al Barsha, akimenya viazi kwa kisu cha Agnes. Agnes alikuwa amefiwa na mama yake huko Muleba. Aliondoka na begi moja, macho yamevimba, akamshika Paskazia bega mlangoni.

"Mdogo wangu, nishikie. Mwezi mmoja tu."

"Nenda ukamzike mama, dada. Kazi yako utaikuta."

Na wakati anasema hivyo alimaanisha. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye hata yeye mwenyewe alianza kulitilia shaka.

Waliishi wanne katika chumba kimoja cha Discovery Gardens kilichogawanywa kwa mapazia. Paskazia na mumewe Wilbard walikuwa upande wa dirisha, Agnes kando ya bafu, na Joweria, msusi wa Kiganda, karibu na jiko, kwa hiyo nguo zake zilinuka vitunguu mwaka mzima. Chumba hicho kilikuwa na mtu wa tano asiyelipa kodi. Mtu huyo alikuwa mji wa Torrebela.

Madam Amparo alikuwa Mhispania, na mara mbili, mwezi wa Agosti, alimchukua Agnes kwenda naye kwao. Agnes alirudi na mji mzima mdomoni. Ni mdogo kuliko Muleba, alisema, na bahari iko chini kule, mwendo wa nusu saa, lakini wazee wa pale hawaendi baharini kabisa, wanasema bahari ni ya wageni. Nyumba zote nyeupe. Kabla ya sikukuu ya Mama Maria wanawake wenyewe hupanda ngazi na kuzipaka chokaa, na jirani asiyepaka husemwa hadi Krismasi. Muuza mikate huning'iniza mkate kwenye kitasa cha mlango na hakuna anayeuiba. Kengele ya msiba ikilia, watu huhesabu mapigo wajue aliyekufa ni mwanamume au mwanamke. Na jioni, jua likishapoa, kila nyumba hutoa viti nje, watu hukaa kando ya njia wakisengenyana mpaka walale.

"Kumbe ni sisi tu, waliopauka," Joweria alisema siku moja, wakacheka wote.

Huko Torrebela alikuwako Bibi Consuelo, mama yake Madam, mjane ambaye macho yalikuwa yanamzimika. Alimpenda Agnes. Alimwita Inés, maana ndivyo jina hilo lisemwavyo kwao. Ahadi ilikuwa hii: siku familia itakapoondoka Dubai moja kwa moja, Agnes ataondoka nayo akaishi kwa bibi, kwa karatasi halali. Chumba chake kilikuwa kimeshapakwa chokaa. Alisubiri miaka mitatu, akijifunza maneno ya Kihispania kwenye daftari huku wenzake wakimtania.

Halafu kreni za Dubai zikasimama. Wilbard, fundi wa majukwaa ya ujenzi, aliambiwa khalas, basi, kazi imekwisha, asubuhi moja pamoja na watu mia mbili. Chumba cha kufulia cha hoteli alikofanya kazi Paskazia kikafungwa. Na kwa kuwa njaa ya mwaka ule haikuchagua rangi, mume wa Madam, mhandisi, naye alipewa barua. Kampuni ikachukua gari na simu za mkononi za nyumba nzima. Madam akasema watarudi Hispania mwisho wa Mei.

---

Ujumbe wa Agnes uliingia Ijumaa, Wilbard akipiga pasi nguo za vijana wa ghorofa ya tatu. Hiyo ndiyo kazi aliyobaki nayo.

*Paska tumemzika mama salama. Kikao cha ukoo kimesogezwa siwezi kuondoka kabla. Narudi trh 18 bila kukosa. Namba ya madam haipatikani. Mwambie anisubiri.*

Paskazia aliusoma kwa sauti. Joweria alikuwa kazini. Wilbard aliisimamisha pasi.

"Madam anapeleka karatasi ubalozini lini?"

"Jumatatu. Tarehe sita."

"Jina linaloandikwa ni la nani?"

"La Agnes, la nani tena?"

"Na Agnes hayupo."

"Nitamwambia Madam anakuja. Ndiyo maana amenitumia."

Wilbard alichukua nguo nyingine kutoka kwenye rundo, akaitandaza taratibu kwenye blanketi. Alikuwa mwanamume mkubwa, mikono iliyozoea mabomba ya chuma, na pasi ile ndogo ilimfanya aonekane anacheza.

"Usimwambie," alisema. "Asipokuuliza, nyamaza. Akikuuliza, sema hujui. Kusema hujui si uongo."

"Ni uongo, Wilbard."

"Basi ni uongo mdogo. Hebu angalia hapa." Aliinua kile alichokuwa anakinyoosha. Ilikuwa chupi. "Hii ni ya yule Stephen wa namba tatu sifuri tisa. Ananiambia, kaka, ikunje vizuri. Mwanamume mwenzangu. Huo nao tuuite nini?"

Paskazia alitaka kucheka, akashindwa. Visa yake mwenyewe ilikuwa imebaki wiki chache. Alimwangalia mumewe akiikunja ile chupi mara mbili, pembe kwa pembe, kwa heshima zote, na akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Aliuweka ujumbe ule kwenye simu bila kuujibu.

---

Jumapili Madam alimwambia akae. Hakuwahi kuambiwa akae katika jiko lile, kwa hiyo alikaa ukingoni mwa kiti, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Kesho ubalozi," Madam alisema. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama cha Paskazia, na hilo liliwafanya waelewane. "Jina moja. Nikikosa kesho, ni hadi vuli. Mama yangu hawezi kukaa peke yake hadi vuli, juzi ameunguza mkono kwa mafuta. Agnes hapigi simu. Una habari yake?"

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na ujumbe ulikuwa ndani ya simu.

"Sijui, Madam."

"Hujui kama anarudi?"

"Sijui. Msiba, Madam. Kwetu msiba unaweza kuwa mrefu."

Sentensi hiyo ya pili hakuambiwa na Wilbard. Aliitoa mwenyewe, tena ilitoka laini, na ndiyo iliyomtesa zaidi baadaye. Madam alishusha pumzi. Alitazama viazi vilivyokatwa, vyembamba, sawasawa, jinsi Agnes alivyomfundisha mshikaji wake.

"Na wewe? Ungeenda? Mumeo tunaweza kumleta baada ya Krismasi, kuna mashamba, kuna kazi za kujenga. Si ahadi. Lakini inshallah."

Paskazia alikubali kwa kichwa. Hakuamini kwamba mdomo ungetii.

Wiki ile ilikuwa Wiki Kuu. Ijumaa Kuu alikwenda kanisa la Jebel Ali, akaona mstari wa maungamo umezunguka ukuta, Wafilipino, Wahindi, Wakenya, wote na dhambi zao mkononi. Akasimama kwenye mstari huo hadi wakabaki watu watatu mbele yake, akatoka. Jumapili ya Pasaka hakukomunika. Wilbard alimuuliza ana nini, akasema tumbo.

Lakini jambo lililomwingia hasa lilitokea siku ya Jumatano iliyofuata. Madam alikuwa ametoka. Simu ya mezani ikalia, Paskazia akainua, na sauti ya kizee ikasema, "Inés?"

Angeweza kusema hapana. Neno hilo alilijua. Alijua pia kwamba Madam hakuwa amemwambia mama yake lolote kuhusu jina lililobadilishwa, aliogopa kilio chake. Basi Paskazia akaitikia, "Sí."

Bibi Consuelo alianza kulia. Aliongea kwa muda mrefu, na katika maneno yote yale Paskazia alishika mawili tu: Inés, na mamá. Tu mamá, tu mamá, pobrecita. Ndipo alipoelewa. Bibi kizee yule alikuwa anampa Agnes pole ya kufiwa. Alikuwa anamlilia mama wa Agnes, mwanamke wa Muleba ambaye hakuwahi kumwona.

"Sí," Paskazia alisema tena. "Sí, sí."

Alipoweka simu chini alikaa sakafuni, akilia kweli. Mtu huweza kuiba kazi ya mwenzake akajitetea kwa shida. Lakini kupokea rambirambi ya mwenzake, mama yake mwenyewe akiwa hai, anapalilia maharage Karagwe, alikosa kabisa jina la kuliita jambo hilo.

---

Agnes aliingia tarehe 18 saa nne asubuhi, kichwa kimenyolewa kwa msiba, amekonda. Kabla hata hajaketi alipiga magoti mbele ya Paskazia, mkubwa mbele ya mdogo, akampa kifurushi kwa mikono miwili.

"Senene. Nimewatoa mabawa mwenyewe. Mdogo wangu, Mungu akulipe. Nilimzika mama yangu bila wasiwasi kwa sababu yako."

"Inuka, dada. Tafadhali inuka."

"Acha nishukuru."

"Inuka!" Alipaza sauti. Joweria alichungulia nyuma ya pazia lake, kitana kichwani. Wilbard akazidi kuinamia pasi.

Agnes aliinuka polepole. "Kuna nini?"

"Madam amepeleka jina langu ubalozini. Limekubaliwa."

"Jina lako kwa nini? Hukumwambia narudi?"

"Sikumwambia."

"Ujumbe wangu hukuupata?"

Hapa mlango ulikuwa wazi. Mitandao ya simu hukosea kila siku, na Agnes mwenyewe alikuwa anamfungulia. Paskazia aliona mlango huo, akauacha.

"Niliupata siku ile ile."

Wilbard alikohoa. "Shemeji, unajua hali ilivyokuwa, mambo yaliingiliana tu..."

"Wilbard," Joweria alisema, "wewe piga pasi. Mimi nimekaa Dubai miaka sita. Nimeona watu wakiibiana wanaume, wakiibiana pasipoti. Kazi ya kushikiwa sijaona. Nyie Watanzania si ndio mnasifiwa ustaarabu?"

Agnes alikaa kitandani kwake, begi lake bado mgongoni, akatazama mapazia.

"Miaka mitatu," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti ile ile, "Miaka mitatu, Paska."

---

Kesho yake walikwenda Al Barsha pamoja. Ndani ya basi Paskazia alikuwa amekwisha kuamua. Angemwambia Madam kila kitu, amfukuze, yaishe. Alirudia sentensi hiyo kwa Kiingereza kimoyomoyo kituo kwa kituo. *She told me, Madam. I hide it.*

Madam Amparo alimkumbatia Agnes, akalia kidogo, kisha akarudi nyuma akamshika mabega.

"Lakini kwa nini hukunipa habari? Nilingoja! Hata neno moja!"

Paskazia alifungua mdomo. Agnes akamtangulia.

"Nilisahau, Madam. Msiba ulinichanganya."

"Ulisahau?" Uso wa Madam ulibadilika. Ulifungwa kama duka. "Mama yangu alikupakia chumba chokaa, yeye na macho yake yale. Na wewe ulisahau."

"Samahani, Madam."

"Khalas. Karatasi zimekwisha."

Paskazia alisimama kando ya sinki na sentensi yake kinywani. Bado angeweza kuisema. Dakika nzima ilipita, Madam akijifuta macho, Agnes akitazama vigae, na sentensi haikutoka. Walipofika nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, alimshika Agnes mkono wa gauni.

"Kwa nini, dada? Kwa nini umenificha?"

"Usiniite dada." Agnes alijinasua. "Sikukuficha wewe. Ningesema kweli angekufukuza leo hii, na ubalozi hawaanzi upya. Visa yangu inakufa na yao mwisho wa Mei. Mimi nimeshakosa. Bibi atabaki na nani? Abaki na paka?" Alifuta pua kwa kiganja, akaendelea kwa hasira, akihesabu vidole. "Sasa sikiliza, sitarudia. Asubuhi usimwamshe kwa kumwita, fungua dirisha tu, atasikia. Mkate wake unamwagiwa mafuta ya zeituni, si siagi, siagi anasema ya matajiri. Rozari saa moja kasoro. Jirani wa kulia anaitwa Encarna, mkali, lakini ukiumwa ndiye atakayekuja. Na usimwache apande ngazi ya chokaa. Atataka. Mdanganye."

Alikunja kidole cha mwisho.

"Hilo unaliweza."

Kisha akavuka barabara peke yake. Mwisho wa Mei alirudi Muleba. Wilbard alibaki Discovery Gardens na pasi yake, akingoja Krismasi ipite.

---

Torrebela ilikuwa vilevile alivyoisimulia Agnes, na hilo lilikuwa adhabu. Paskazia alijua kona kabla hajaikunja. Alijua mkate utakuwa kwenye kitasa. Alilala katika chumba cheupe kilichopakwa kwa ajili ya mtu mwingine, na kila alipogeuka ukuta ulimwachia unga wa chokaa begani.

Bibi Consuelo alitambua siku ya kwanza, kwa sauti tu, kwamba huyu si Inés. Hakuuliza zaidi. Alikuwa mpole kwake kama mtu alivyo mpole kwa mgeni wa hoteli.

Jioni ya kuamkia sikukuu ya Mama Maria, mtaa mzima ulikuwa mweupe upya, viti viko nje, Encarna akichambua maharage kwenye beseni la plastiki mapajani. Miezi miwili na nusu ilikuwa imempa Paskazia Kihispania cha kutosha kusikia asichotaka kusikia.

"Mwaka jana Inés alishika mshumaa mbele kabisa ya maandamano," alisema mmoja.

"Inés!" Encarna alitupa ganda chini. "Mtu kupakiwa chumba, halafu asiage hata kwa barua. Wote ni hivyo hivyo, wakipata pazuri zaidi wanaruka."

"Nilimpa pole," alisema Bibi Consuelo. Hakupaza sauti. "Kwa simu. Nilimlilia mama yake. Akanijibu sí, sí, na kumbe alikuwa ameshaamua kunitupa. Hilo ndilo linaloniuma. Angeniambia siku ile."

Wanawake walitikisa vichwa. Paskazia aliangalia mikono yake. Karatasi za Wilbard zilikuwa mezani kwa Madam, zimeandikwa nusu. Ukimya ungetosha, kama ulivyotosha Al Barsha. Mtaa huu ungemchukia Agnes polepole, bila kelele, na Agnes hangejua kamwe. Wala yeye hangepoteza kitu. Alishangaa kusikia sauti yake.

"Inés alitaka kuja," alisema, kwa Kihispania chake cha vipande. "Alileta habari. Kwangu. Mimi nikaficha. Jina lake, mimi nikachukua."

Encarna aliacha maharage.

"Na simu," Paskazia alisema. "Ile simu, señora. Si Inés. Mimi. Mimi nilisema sí."

Mahali fulani juu ya mtaa mtu alikuwa anafunga redio. Bibi Consuelo alibaki ameinua uso, akielekea ilikotoka sauti, na midomo yake ikasogea kidogo kama anayehesabu. Halafu akashika mikono ya kiti chake, akasimama. Paskazia alinyanyuka upesi akamwekea kiwiko, kama kila jioni. Bibi alikigusa, akakitambua, akakisukuma.

Aligeuka peke yake. Alikosa mlango kwa hatua mbili, kiganja chake kikagonga ukuta, akaanza kuupapasa, na chokaa mbichi ikamjaa vidoleni. Wanawake walitazama. Hakuna aliyeinuka, maana kumwingiza bibi ndani haikuwa kazi yao. Paskazia akamfuata hatua moja nyuma, mikono ameinyoosha pande zote mbili, bila kumgusa.